Prodyuza anataka logilaini ya sentensi moja, yangu ina maneno 53. Nikate wapi?

MtuWaKabwe

Wakuu, heshima kwenu. Nina skripti ya filamu, kurasa 98, ya Kiswahili, mambo yote yanatokea Kyela. Prodyuza mmoja wa Dar anasema hafungui skripti ya mtu asiyemjua mpaka aone logilaini kwanza, yaani sentensi moja inayosema filamu inahusu nini, itumwe WhatsApp. Nimeandika hii:

"Hii ni hadithi ya kusisimua inayomhusu Tumaini, mwanamke mjane ambaye anaishi Kyela mkoani Mbeya na ambaye anafanya kazi katika chama cha ushirika, ambaye siku moja anagundua siri nzito inayobadilisha maisha yake yote, na anakutana na changamoto nyingi za kifamilia na kijamii, huku akiwa hajui amwamini nani, je, atafanikiwa kutetea haki yake au atashindwa?"

Naona ni ndefu, ila kila nikikata naona kama naua hadithi. Maneno yanatakiwa mangapi? Na hiyo siri niitaje au niifiche, maana naogopa kuibiwa. Natanguliza shukrani.

KalamuYaIpogolo

Kamwene mkuu. Urefu ni dalili tu. Ugonjwa ni kwamba ndani ya maneno 53 hakuna hata kitu kimoja ambacho kamera inaweza kukipiga. "Siri nzito", "changamoto nyingi", "haki yake". Toa Kyela weka Songea, toa mjane weka mwanachuo, sentensi inabaki ileile. Inaenea kwenye filamu yoyote, kwa hiyo haiuzi ya kwako.

Tufyeke kwanza.

Maneno sita ya mwanzo yaondoke yote. Prodyuza anajua kwamba ni hadithi, na kusisimka ni juu yake yeye.

Tumaini aondoke. Jina halimwambii msomaji kitu, labda awe mtu anayejulikana na nchi nzima, mfano Mkwawa. Pahali pa jina weka kazi yake na hali yake, maneno mawili matatu, na yawe yale yanayomfanya awe mtu mbaya kabisa wa kuangukiwa na tatizo hili. Mjane peke yake haitoshi. Mjane anayefanya nini?

"Ambaye" ziko tatu. Ukiona ya pili tu, ujue umeanza kusimulia maisha ya mtu badala ya kisa. Kiswahili kina "-ye-" na "-po-" ndani ya kitenzi: "anayelima", "anapogundua". Neno moja linafanya kazi ya matatu.

"Je, atafanikiwa?" nayo itoke. Anayesoma logilaini 20 kwa siku keshaona swali hilo mara 20, na jibu lake ni "sijui, na sina haja".

Sasa nijibu haya kwa maneno ya mtaani, usipambe. Kwenye ushirika anafanya kazi gani hasa: katibu, mlinzi, karani? Siku mambo yanaharibika, nini kinatokea ambacho tunakiona kwa macho? Baada ya hapo anahangaikia nini? Nani anamzuia, na huyo ana nguvu gani juu yake? Akishindwa anapoteza nini? Halafu kuna muda unaomkimbiza au hakuna?

MtuWaKabwe

Asante mkuu, umenichana lakini sawa. Majibu:

Ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa kakao. Magunia 40 yanatoweka ghalani, na karatasi zinaonyesha yametoka kwa saini yake. Anahangaika kuyapata. Mwizi ni mwenyekiti wa chama, ambaye ni shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, na ndiye anayemhifadhi yeye na watoto. Asipoyapata anafungwa. Mnada ni baada ya siku tatu. Magunia yamefichwa yanasubiri kuvushwa Kasumulu kwenda Malawi.

MamaSkripti

Kumbe mali ipo, mwenye duka kaificha chini ya meza! Haya majibu yana thamani kuliko ile sentensi yako yote. Tazama nikiyapanga tu bila kuongeza chumvi:

"Magunia 40 ya kakao yanapotoweka ghalani Kyela siku tatu kabla ya mnada, karani wa mizani ambaye ni mjane anapaswa kumfichua shemeji yake, mwenye nyumba anamoishi na wanawe, la sivyo afungwe kwa wizi asioufanya."

Maneno 33. Kuhusu idadi: wanaoandika kwa Kiingereza hushauriwa 25 hadi 35. Usiichukue namba hiyo kama ilivyo, kwa sababu neno letu moja hubeba mengi. "Asioufanya" kwa Kiingereza ni maneno manne au matano. Kwa Kiswahili maneno 22 hadi 28 yanatosha, na ukivuka 30 kagua. Kipimo kizuri zaidi ni pumzi: isome kwa sauti mara moja bila kupumua. Ukikwama katikati, na msikilizaji wako amekwama hapohapo.

Angalia pia ambacho sikukiweka. Mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa risiti, yanauzwa mnadani) sijautaja, ingawa najua ndio unaoendesha kisa chako. Mtu wa Kyela anauelewa kwa neno moja, mtu wa Dar utamweleza dakika tano. Logilaini haina dakika tano. "Ghala", "saini" na "mnada" kila mtu anavijua.

Aina ya filamu hutaitaja ndani ya sentensi. Saini, wizi, siku tatu: tayari msomaji anajua hii si ya mapenzi. Ingekuwa vichekesho, sentensi yenyewe ilipaswa kuchekesha, kwa mfano karani anayeogopa panya ndiye anayelazimika kulala ghalani.

BaridiLaMakete

Nina swali kabla hamjashangilia. Steringi, yaani mhusika mkuu, anajua mwizi ni shemeji kwenye ukurasa wa ngapi?

MtuWaKabwe

Ukurasa wa 58.

BaridiLaMakete

Hapo ndipo penye shida, na siyo ya logilaini.

Skripti iliyopangwa kwa kanuni, yaani herufi za Courier saizi 12, ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Kurasa 98 ni dakika 98 hivi. Logilaini huchukua kinachotokea kwenye robo ya kwanza, yaani mpaka ukurasa wa 25 au 30, pale steringi anapoingia kwenye tatizo na mlango unafungwa nyuma yake. Robo tatu zilizobaki ndizo unazouza, hivyo hazitajwi. Mwisho hautajwi kabisa.

Sentensi ya MamaSkripti inauza vita kati ya mjane na shemeji anayemhifadhi. Prodyuza akipenda hiyo, akafungua skripti, atasubiri vita hiyo kwa dakika 58. Atadhani ametapeliwa, na kusema kweli ametapeliwa.

Una njia mbili. Ya kwanza, mwache shemeji awe siri, logilaini itaje tu kwamba anamtaka anyamaze:

"Karani wa mizani mjane ana siku tatu za kutafuta magunia 40 ya kakao yaliyotoweka kwa saini yake, huku shemeji anayemlisha akimtaka anyamaze."

Maneno 22. Fupi, lakini imepoa. Kosa liko kwenye "huku". Hilo neno linaweka mambo mawili bega kwa bega bila kusema hili linaliumiza vipi lile. Ukiona "huku", "pia" au "wakati huohuo" kwenye logilaini, jua kuna uhusiano wa sababu ambao mwandishi hajaukamata.

Njia ya pili ni kuvuta ugunduzi huo kutoka 58 kuja 26. Mjane ajue mapema kwamba mwizi ndiye anayemlisha. Kurasa zinazobaki zinageuka kutoka "nani kaiba?" kuwa "nifanyeje na ninalala nyumbani kwake?" Swali la pili lina nguvu zaidi, kwa sababu watazamaji wa Bongo watamshuku shemeji dakika ya kumi, utake usitake. Mwenyekiti wa ushirika, tajiri, kaka wa marehemu, halafu mpole? Utamficha nani?

KalamuYaIpogolo

Naungana na Baridi. Ndiyo maana wengine huandika logilaini kabla ya kuandika skripti. Ukishindwa kuiandika, mara nyingi kuna mguu mmoja wa kisa haupo: ama steringi hataki kitu maalumu, ama hakuna anayemzuia, ama akishindwa hapotezi chochote. Ni rahisi kurekebisha kwenye sentensi moja kuliko kwenye kurasa 98.

TukuyuNdizi

Ugonile mwandishi. Mbona mnamchosha, mimi ningeandika hivi: "Mizani ikisema uongo, nani atapima ukweli?" Fupi na inagonga.

MamaSkripti

Inagonga kweli, TukuyuNdizi, lakini hiyo ni ya bango. Maneno ya bango yanamvuta mtazamaji anunue tiketi, hayana haja ya kueleza. Logilaini inamwambia mnunuzi wa skripti filamu ni nini. Muulize mtu aliyesoma hayo maneno yako: steringi ni nani? Hajui. Mhifadhie, filamu ikitoka atayahitaji.

MtuWaKabwe

Nimekubali, ugunduzi unakuja ukurasa wa 26. Nimejaribu hii:

"Magunia 40 ya kakao yanapotoweka kwa saini yake, karani mjane wa Kyela ana siku tatu kabla ya mnada kuchagua: amtaje shemeji aliyeyaiba na kufukuzwa nyumbani na wanawe, au anyamaze na kufungwa yeye."

KalamuYaIpogolo

Umepanda daraja. Bado kuna mambo mawili.

Moja ni la lugha. "Kufukuzwa nyumbani na wanawe". Nani anafukuza? Kwa Kiswahili "na" baada ya kitenzi cha kutendwa humtaja mtendaji, kwa hiyo nimesoma kwamba watoto wake ndio wanaomfukuza mama yao. Hiyo ni filamu nyingine kabisa. Logilaini za Kiswahili zina mitego hii kuliko za Kiingereza, kwa sababu "a-" na "m-" hazisemi ni mwanamke au mwanamume, wala ni yupi kati ya wawili. Ukiandika "anapogundua anamwibia, anaamua kumshtaki", msomaji hajui nani anamshtaki nani. Dawa: kila mtu aitwe kwa cheo chake, karani, shemeji, na kiwakilishi kikija kiwe na mtu mmoja tu wa kumwangukia. "Yake" ni mbaya zaidi. "Shemeji anamfukuza karani nyumbani kwake", kwa nani?

Na kwa kuwa lugha haitofautishi, kama jinsia ina uzito lazima useme. "Dereva", "karani", "mganga", wengi watamwona mwanamume. "Mjane" imekusaidia kidogo, wengi watamwona mwanamke, ingawa mjane wa kiume yupo pia. Shemeji anayemhifadhi yeye na watoto anamalizia picha.

La pili ni zito. Steringi wako "anachagua". Tutapigaje picha mtu anayechagua? Atakaa dirishani anatazama mvua kwa dakika 70? Kwenye majibu yako ulisema anahangaika kuyapata magunia kabla hayajavuka Kasumulu. Hiyo ndiyo filamu! Kwa nini umeitupa? Kitenzi kikuu cha logilaini kiwe kazi ya mikono na miguu: arudishe, atoroshe, azuie, afike. Vitenzi vya kukwepa ni "anajikuta", "anapitia", "anapambana na", "anajaribu", na hiki cha "kuchagua". "Anajikuta" ndicho ugonjwa wa skripti zetu. Mtu anayejikuta hajafanya kitu.

MtuWaKabwe

Haya, jaribio la tatu:

"Magunia 40 ya kakao yanapoibwa kwa saini yake, karani mjane wa Kyela ana siku tatu za kuyarudisha ghalani kimyakimya, kwani mwizi ni shemeji anayemhifadhi yeye na wanawe."

Maneno 27. Nimesoma kwa pumzi moja, imeisha.

BaridiLaMakete

Safi. "Kimyakimya" imefanya kazi kubwa: inaonyesha hawezi kwenda polisi, na "kwani" imesema kwa nini, pale ambapo sentensi yangu ilikuwa na "huku". Mnada umeutoa. Ukitaka kuurudisha, "ghalani kabla ya mnada, tena kimyakimya", inakuwa 31. Mimi ningeuacha nje, ila andika zote mbili, wasomee watu watatu wasioijua skripti, halafu waambie wakusimulie. Usiwaulize kama wameipenda, watakuambia nzuri sana. Sikiliza wamesahau nini. Kinachosahaulika na wote watatu hakina kazi pale.

Jambo moja la pesa ambalo waandishi hulisahau. Prodyuza akisoma hii anapiga hesabu: ghala moja, nyumba moja, barabara ya mpakani, waigizaji wakuu wawili. Anaona filamu inayofanyika. Ungeweka "mafuriko yanapoifunika wilaya nzima" angekuwa ameshafunga simu. Kama kisa chako hakihitaji mvua, usiiweke, kwa sababu Machi hadi Mei Kyela mvua unaipata bure, lakini huipati saa unayoitaka.

TukuyuNdizi

Na akiibiwa je? Hilo hamjamjibu.

MamaSkripti

Hakimiliki hailindi wazo. Inalinda namna ulivyoliandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ndiyo msingi wake hapa kwetu, na usajili wa kazi unafanyika COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kwa hiyo sajili skripti nzima, siyo sentensi. Logilaini karibu yote ni wazo, mtu akitaka kuandika yake kuhusu karani na magunia hutamzuia. Kinachokulinda ni kwamba wewe una kurasa 98 tayari na yeye hana hata moja. Tuma kwa maandishi ili tarehe ibaki, tunza ujumbe, na skripti usiitume mpaka iombwe. Ikiombwa peleka PDF, siyo faili ambalo mtu anaweza kulifungua na kubadili jina la mwandishi.

Kuficha siri kwa kuogopa wizi ndiko kulikokuletea "siri nzito". Ujumbe wenyewe uwe hivi tu: salamu mstari mmoja, jina la filamu, aina yake, kurasa 98, umeisajili, kisha logilaini, kisha "nikutumie skripti?" Isizidi urefu wa kioo cha simu. Usitume sauti ya dakika nne ukieleza. Usiseme itavunja rekodi. Usitaje staa uliyemfikiria, labda umeulizwa.

Wenzetu Marekani studio zina wasomaji wa kulipwa, wanasoma skripti na kuandika ripoti, na juu ya ripoti wanaweka logilaini. Ya kwako ikiwa mbovu, msomaji anaandika ya kwake, na bosi anasoma hiyo. Kwetu prodyuza anamsimulia mwenye pesa kwa mdomo, pengine wakila chipsi. Mpe sentensi anayoweza kuibeba kichwani mpaka kule.

MtuWaKabwe

Nimeelewa. La mwisho: akisema hataki filamu, anataka tamthilia ya vipindi 26?

KalamuYaIpogolo

Basi hiyo sentensi haifai, usiitume. "Siku tatu" inaisha, tamthilia haitakiwi kuisha wiki ya kwanza. Logilaini ya tamthilia inaonyesha mashine inayozalisha kisa kila wiki: mahali, mtu, na tatizo linalojirudia kwa sura mpya. Kwa mfano:

"Karani wa mizani anayejua kila gunia lililopunjwa Kyela anawauzia vigogo wa kakao ukimya wake ili asomeshe wanawe, msimu baada ya msimu."

Hapo kila kipindi kigogo mwingine, gunia lingine, na yeye anazidi kuchafuka. Lakini hiyo ni skripti mpya mkuu, siyo kurasa 98 zilizokatwa vipande 26. Prodyuza akiuliza, mwambie unayo ya filamu, na ya tamthilia utamwandikia kurasa mbili za maelezo akikulipa.

MtuWaKabwe

Naituma ya maneno 27. Ngoja nirekebishe ule ukurasa wa 26 kwanza, asije akaiomba leoleo.